Maswali ya Wasomaji: Pemba, Karafuu na Maji ya Bamvua

Barua nyingi za safari hii zimetoka Pemba au zinaihusu Pemba. Tumejibu tano.

Nimehamia Chake Chake kutoka Unguja. Huku ni vilima na mabonde matupu, na wenyeji wananiambia msitu wa Ngezi haukuwa na kima punju mpaka walipoletwa. Mbona visiwa viwili jirani vinatofautiana hivi? (S.M., Chake Chake)

Tazama kina cha bahari. Kati ya Unguja na Bagamoyo maji ni haba, sehemu kubwa hayafiki mita 60. Kiasi cha miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalipokuwa yameganda barafu, usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita 120 hivi. Unguja wakati huo ilikuwa kipande cha bara, na wanyama walikwenda huko kwa miguu yao. Mkondo wa Pemba, kati ya kisiwa na Tanga, unashuka zaidi ya mita 800. Toa 120 humo, bado ni bahari tupu. Kwa hiyo kilichofika Pemba kiliruka, kilielea au kililetwa, na kima punju wa Ngezi wamo katika kundi la mwisho: walitolewa Unguja miaka ya 1970.

Upweke huo umeipa Pemba viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Wamo ndege wanne: bundi wake, ninga wake, chozi wake na kidege kidogo chenye duara jeupe machoni. Yumo pia popo mkubwa anayekula matunda. Mwishoni mwa miaka ya 1980 popo huyu alikuwa karibu kwisha kwa kuwindwa na kukatiwa miti; vijiji kama Kidike vilipoanza kumlinda, akarudi kwa maelfu.

Vilima viko magharibi, kwenye udongo mzito uliochimbwa na mito. Ukielekea mashariki, Micheweni kwa mfano, utakuta mawe ya matumbawe na udongo kidogo. Ndiyo sababu mikarafuu mingi imeegemea upande mmoja wa kisiwa.

Nimerithi mikarafuu 12. Msimu uliopita karafuu zangu zilitoka nyeupe-nyeupe, zina makunyanzi, na kituoni zikashushwa daraja. Jua lilikuwepo. Nilikosea wapi? (Mkulima, Mkoani)

Jua halikuwa na kosa. Karafuu hupauka usiku, zikiwa zimerundikwa mbichi. Ukizichuma mchana na kuziacha kwenye gunia au rundo mpaka kesho yake, zinapata joto, zinavunda, na mafuta yanapungua. Ukizianika asubuhi hali hiyo umeshachelewa. Zitakauka, lakini rangi haitarudi.

Tuanzie mtini. Chuma karafuu zinapokuwa zimejaa na kuanza kugeuka kutoka kijani kwenda wekundu wa waridi, vichwa vikiwa bado vimefumba. Ukichuma mapema, karafuu inakuwa nyembamba na nyepesi. Ukichelewa, ua linafunguka, kichwa kinaanguka, na unabaki na kijiti. Ukiacha kabisa linakuwa tunda, yaani mpeta, ambalo mafuta yake ni kidogo na likichanganyika na karafuu linashusha daraja lake. Mti mmoja hauivi kwa siku moja, kwa hiyo utaurudia mara kadhaa. Anayeuvua wote kwa mkupuo mmoja ili amalize kazi ndiye anayepeleka kituoni mchanganyiko wa mbichi na mpeta.

Vuta tawi kwa upembo, usilivunje. Mikungu ya msimu mwingine hutoka kwenye ncha za matawi, na tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika kuliko linavyoonekana. Hilo pia ni onyo kwa mpandaji: ajifunge kamba kwenye shina au tawi nene.

Jioni hiyo hiyo chambua. Finyanga mkungu kwenye kiganja, karafuu zianguke upande mmoja, makonyo, yaani vijiti vyake, upande mwingine. Msilale kabla ya kumaliza. Ikiwa mavuno yamewazidi, tandazeni zilizobaki sakafuni ndani ya nyumba kwa tabaka jembamba, zipate hewa. Makonyo msiyatupe, yana soko lake kwa sababu hukamuliwa mafuta. Yaanikwe mbali na karafuu.

Asubuhi anika juu ya jamvi au sakafu safi ya saruji, tabaka moja tu, na uzigeuze mara kwa mara. Kwa jua zuri ni siku tatu hadi tano. Jioni zikusanye na kuzifunika kabla umande haujaanguka, na mvua ikitishia uwe na mtu wa kukimbia. Barabara ya lami inakausha haraka, tunajua, na ndiyo maana wengi wanashawishika. Lakini inaokota mchanga, mavi ya mbuzi na mafuta ya gari, na harufu ya mafuta ya gari haitoki kwenye karafuu.

Iliyokauka ina rangi ya kahawia iliyoiva, na ukiikunja inavunjika kwa mlio. Ikipinda, irudishe juani. Tumia na mizani: kilo 3 mbichi, baada ya kuchambuliwa, hutoa karibu kilo 1 kavu. Ulianika kilo 60 na sasa una 26? Hizo kilo sita za ziada ni maji. Ukizitia ghalani hivyo zitaota ukungu.

Jambo la mwisho: msitegemee mti utoe sawasawa kila mwaka. Mkarafuu hujaa mwaka mmoja kisha ukapumzika miwili au mitatu. Anayekopa kwa kutazama msimu mkubwa hupata shida.

Karafuu zilianzia Unguja. Vipi Pemba ikawa ndiyo nchi ya karafuu? (Mwanafunzi, Wete)

Kwa dhoruba. Karafuu ziliingia Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said akahimiza zipandwe kwa wingi, kwa nguvu za watumwa. Pemba wakati huo ilisifika zaidi kwa mpunga. Mombasa ililishwa na mchele wake tangu enzi za Wareno. Aprili 1872 kimbunga kiliilaza mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ikapona kwa kiasi kikubwa. Bei ikapanda, wenye mashamba wakahamia Pemba, na tangu hapo sehemu kubwa ya zao imetoka huko. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897, lakini mashamba yalibaki kwa wenyewe mpaka Mapinduzi ya 1964.

Nataka kuwapeleka wanafunzi kwenye magofu ya Mtambwe Mkuu kwa miguu, maji yakipwa. Nipangeje siku na saa? (Mwalimu, Wete)

Tumia mwezi wa Kiislamu. Bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, liko karibu na tarehe 1 na 15, maji mafu karibu na 8 na 22. Panga bamvua, kwani maji mafu hayapwi vya kutosha. Tarehe 1 au 15 maji hujaa kiasi cha saa 10 na nusu, alfajiri na alasiri, na hupwa kabisa kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kila siku ongeza dakika 50. Tarehe 3, basi, kupwa ni karibu na saa 6 mchana. Hesabu hii ni ya kupangia. Siku yenyewe muulize mvuvi wa hapo.

Anzeni kuvuka saa moja kabla ya maji kupwa kabisa, na muwe mmeshageuka kurudi kabla ya nusu saa kupita baada yake. Tofauti ya kujaa na kupwa siku za bamvua hukaribia mita 4, na maji hujaa kwanza kwenye mikono ya mikoko, nyuma yenu, wakati mbele bado pakavu. Viatu viwe vya kufunga. Tope huvua kandambili.

Waambieni watoto wanakwenda kuona nini, maana magofu yenyewe ni machache. Mwaka 1984 palichimbuliwa hapo sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, ndogo kuliko ukucha. Zina majina ya watawala wa pwani hii, mmojawapo Ali bin al-Hasan, na maandishi ya pande mbili yana vina: upande wa kwanza unaanza, wa pili unamalizia.

Mchezo wa ng'ombe wa Pemba, ng'ombe huuawa? (T., Tanga)

Hauawi. Anafungwa kamba ndefu, vijana wanamchezea kwa nguo huku ngoma na zumari zikipigwa, kisha anarudishwa zizini kwa mwenyewe. Wengi wanautaja kuwa urithi wa Wareno. Ukitaka kuuona, nenda miezi ya joto la kaskazi, kabla ya masika, na usikae upande ambao kamba imelegea.