Binti Yangu ni Kipa: Maswali ya Wasomaji

SWALI: Mhariri, mimi ni mzazi wa Luanda, Kaunti ya Vihiga. Binti yangu yuko kidato cha tatu na ndiye kipa wa timu ya shule yao. Baada ya mashindano ya kaunti alinijia mtu aliyejitambulisha kuwa wakala, akaniomba nimruhusu binti aache masomo kwa muda na kujiunga na klabu ya Nairobi mara moja, ili mwakani apelekwe Ulaya. Binti ana miaka 16. Mamake amekataa katakata, nami nimebaki njia panda. Je, kudaka mpira ni kazi ya kumlisha mtu? Na nafasi hii ikipita, itapatikana tena?

JIBU: Baba, mama mtoto amesema kweli, na nakusihi umsikilize. Kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa wazi, kama vile wazazi wake wenyewe kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusiana na kandanda. Kwa maelezo yako, hakuna hata moja inayomhusu binti yako. Mtu anayeahidi kumpeleka Ulaya akiwa na miaka 17 ama hazijui kanuni hizo au anazijua na ameamua kukuficha. Wakala halali hupewa leseni na FIFA baada ya kufanya mtihani na kufaulu. Mwombe leseni yake, na asipoionyesha, mazungumzo yaishie hapo.

Kuhusu kazi yenyewe, jibu langu ni kwamba ipo, ingawa hapa nchini malipo yake bado ni madogo kuliko jasho linalomwagika. Wanawake wa klabu ya Vihiga Queens, ambao wamekuwa wakicheza hapo kwenu katika uwanja wa Mumboha, walilelewa kwa fedha za serikali ya kaunti, wakatwaa ubingwa wa CECAFA, yaani kanda ya Afrika Mashariki na Kati, mwaka 2021 na kufika Misri kwa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika ilipochezwa kwa mara ya kwanza. Huko walipoteza mechi mbili na kuwalaza Rivers Angels wa Nigeria mabao 2-0. Timu za vikosi, yaani Ulinzi Starlets ya jeshi na Kenya Police Bullets, zimewafungulia baadhi ya wachezaji mlango wa ajira ya kudumu. Nje ya nchi pia njia imeshakanyagwa: Annedy Kundu, aliyekuwa kipa wa Eldoret Falcons na wa timu ya taifa, alikwenda Cyprus kuidakia Lakatamia.

Hofu yako kwamba nafasi itapita ndiyo ninayotaka kuiondoa hasa, kwa sababu ndiyo inayowafanya wazazi wengi wamkabidhi mgeni mtoto wao. Mlinda lango hukomaa baadaye kuliko wachezaji wengine, na hudumu zaidi. Mshambuliaji hutegemea sana kasi ya miguu, na kasi hupungua mapema. Kipa hutegemea zaidi kuisoma hatari kabla haijafika: wakati wa kuifuata krosi na wakati wa kubaki mstarini, namna ya kumwita beki arudi, pembe ya kusimama mpinzani anapoingia peke yake. Mambo hayo hayafundishwi kwa mwezi mmoja wa majaribio. Huja kwa mechi nyingi, na kwa mabao mengi ya kufungwa.

Tazama maisha ya Nadine Angerer wa Ujerumani. Aliingia timu ya taifa mwaka 1996, akawa kwa miaka mingi kipa wa akiba nyuma ya Silke Rottenberg. Zamu yake ilipofika, kwenye Kombe la Dunia la 2007 nchini China, hakufungwa bao hata moja tangu mechi ya kwanza hadi fainali, na katika fainali hiyo akaupangua mkwaju wa penalti wa Marta wa Brazil. FIFA ilipomtawaza kuwa mchezaji bora wa mwaka 2013 upande wa wanawake, alikuwa na miaka 35. Mary Earps wa Uingereza naye alisoma chuo kikuu cha Loughborough na kuhitimu huku akicheza. Baadaye akaachwa nje ya timu ya taifa kwa karibu miaka 2, akarejea mwaka 2021, akatwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 2022 na tuzo ya kipa bora wa Kombe la Dunia mwaka 2023. Alikuwa amevuka miaka 30, na shahada ilikuwa mkononi zamani.

Wapo wanaowahi, nami sitakuficha. Chiamaka Nnadozie wa Nigeria, ambaye amesimulia kwamba babake hakutaka acheze mpira, alisimama langoni katika Kombe la Dunia la 2019 akiwa na miaka 18, na muda mfupi baadaye akasajiliwa na Paris FC ya Ufaransa. Lakini hata yeye alikuwa ametimiza umri unaoruhusiwa.

Kwa hivyo, mwache binti afanye KCSE yake, mtihani wa kumaliza sekondari. Shule si kizuizi cha kandanda katika eneo letu, maana soko la wachezaji wa kike limo humo humo shuleni. Shule za wasichana za Wiyeta, Butere na Nyakach zimelea wachezaji ambao makocha wa klabu na wa timu za taifa huwafuata kwenye mashindano ya shule. Mwaka 2024 Junior Starlets walikwenda Jamhuri ya Dominika kwa Kombe la Dunia la wasichana wasiozidi miaka 17, wakiwa timu ya kwanza ya kandanda ya Kenya kufika fainali za Kombe la Dunia la FIFA, na wakaifunga Mexico 2-1. Miongoni mwao walikuwamo wasichana wa shule za magharibi.

Atakapohitimu, klabu yoyote ikimtaka, kabla ya kutaja mshahara ulizeni kama ina kocha wa makipa, ambaye kazi yake ni hiyo tu. Timu nyingi hazina, na binti hodari hudumaa pale pale alipofikia shuleni. Kisha ulizeni ni nani atakayelipia matibabu akiumia. Mkataba uwe wa maandishi, nakala ibaki nyumbani. Tena mfahamu kwamba tangu mwaka 2021 kanuni za FIFA zinampa mchezaji mwenye kandarasi likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14, akilipwa angalau theluthi mbili za mshahara wake.

SWALI: Mhariri, pokea salamu kutoka Nakuru. Nina miaka 20 na urefu wangu ni mita 1.64. Nimekaa benchi misimu miwili, na kocha ananiambia niache lango nicheze beki wa kulia kwa sababu mimi ni mfupi. Moyo wangu uko langoni. Nifanye nini?

JIBU: Mwanangu, kocha wako hajakutukana. Lango lina upana wa mita 7.32, na mtambaa panya uko mita 2.44 kutoka ardhini, kwa wanawake sawa na kwa wanaume. Earps niliyemtaja hapo juu ana mita 1.73, na hahesabiwi kuwa mrefu miongoni mwa makipa wa kimataifa. Kimo chako kitakudai mengi, hasa kwenye kona na krosi za juu: uruke vizuri kuliko wengine, uanze mwendo mapema, na uamue haraka kama ni mpira wa kudaka au wa kupiga ngumi.

Hata hivyo, kudaka ni sehemu tu ya kazi ya kipa wa leo. Tangu mwaka 1992, kipa hakubaliwi kuushika kwa mikono mpira aliorudishiwa makusudi kwa mguu na mwenzake, na tangu 2025 akiuzuia mikononi zaidi ya sekunde 8 wapinzani hupewa kona. Kipa mwenye miguu ya uhakika na pasi ya haraka ana thamani ambayo babu zetu wa kandanda hawakuijua. Ukicheza beki wa kulia mazoezini, faida hiyo itakufuata langoni. Usikatae.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni hiyo misimu miwili ya benchi. Angerer alisubiri katika timu ya taifa, lakini kwenye klabu yake alikuwa akicheza. Kipa asiyecheza hasongi mbele, hata afanye mazoezi kila siku. Ukipata timu ya daraja la chini itakayokuweka langoni kila wiki, nenda, hata kama jina lake halijulikani nje ya mtaa. Cheza msimu mzima, kisha upime tena. Ikidhihirika kwamba mipira ya juu inakushinda, hapo ndipo ushauri wa kocha wako utafaa kufuatwa, nawe utakuwa bado kijana.

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya wasichana upande wa Nyakach. Sikusomea ukocha wa makipa. Nimzoeze vipi mlinda lango wangu bila kumuumiza?

JIBU: Mwalimu, asante kwa kuuliza, maana wengi humsimamisha msichana langoni na kumpigia mashuti hadi giza liingie, wakaita hayo mazoezi. Mtengee muda wake kabla ya kuungana na wenzake. Aanze na mipira ya karibu, mikono ikikutana nyuma ya mpira. Kuanguka afundishwe hatua kwa hatua: akiwa amepiga magoti, kisha amechuchumaa, kisha amesimama, mahali penye nyasi au mchanga na si penye kokoto. Tena usimpeleke langoni msichana kwa sababu tu anaonekana mzito wa kukimbia. Hope Solo wa Marekani alikuwa mshambuliaji hodari wa shule kabla ya kuwa kipa.

Magoti yalindwe. Wasichana huumia kano za goti mara nyingi kuliko wavulana, na mazoezi ya kupasha mwili yaliyoandaliwa kwa msaada wa FIFA, yaitwayo 11+, hupunguza majeraha yakifanywa mara kwa mara. Hayahitaji vifaa, ila uwanja na mpira.

La kichwa ni zito zaidi. Briana Scurry, aliyeiokolea Marekani penalti katika fainali ya Kombe la Dunia la 1999, aligongwa kichwani na goti la mshambuliaji katika mechi ya ligi mwaka 2010, hakucheza tena, na akaishi miaka kadhaa na maumivu makali ya kichwa na sonona. Kipa wako akigongwa kichwa na kuonekana kuchanganyikiwa, kuona kizunguzungu au kutapika, mtoe uwanjani na asirudi siku hiyo, hata kama ni fainali na huna kipa wa akiba. Mpeleke hospitalini, uwaarifu wazazi, na asiguse mpira mpaka daktari amruhusu.