Muulize Mjomba wa Ndege: Kigong'ota mkubwa kama kunguru

SWALI: Mjomba salama? Mimi niko Georgia, Marekani, mwaka wa pili sasa. Nyuma ya nyumba tunayokaa kuna msitu na kila asubuhi kuna kitu kinagonga utadhani fundi anapigilia misumari. Juzi nikakiona sekunde tatu hivi, ndege mweusi, mkubwa kama kunguru, kishungi chekundu kichwani, nikichomoa simu kashazunguka nyuma ya mti kapotea. Jamaa wa kazini ananiambia huyo ni yule aliyetoweka zamani, nikipata picha tu nimetajirika. Kweli? Na nifanyeje nimwone vizuri? – Baba Neema

JIBU: Salama Baba Neema. Utajiri sahau kwanza. Huyo karibu hakika ni kigong'ota ambaye wenyeji wanamwita pileated, urefu sentimita 40 mpaka 49, na Georgia yupo wa kutosha penye miti mizee. Jamaa yako anamsema mwingine, mwenye mdomo wa rangi ya pembe ya ndovu, naye alikuwepo kweli majimbo hayo ya kusini, ila mara ya mwisho kuonwa bila ubishi ni 1944 Louisiana, kwenye msitu uliokuwa unafyekwa kwa ajili ya mbao. 2004 watu wakasema wamemwona Arkansas, video yenyewe ina ukungu balaa, wakagombana wee na bado wanagombana. 2021 serikali ikapendekeza atangazwe ametoweka, 2023 ikawatangaza viumbe wengine 21, yeye ikamwacha kiporo.

Ukitaka kummaliza jamaa yako, mwangalie ndege mgongoni akiwa ametua. Wako mgongo ni mweusi tii, weupe wa mabawa unauona akiruka. Yule mwingine akitua ana weupe mkubwa sehemu ya chini ya mgongo, kama kavaa begi jeupe.

Sasa kumwona. Kosa lako ni kumkimbiza yeye, kigong'ota akikuona anajibanza upande wa pili wa shina, mnazungukana hapo mpaka unachoka (mimi nimeshaacha nusu ya shati kwenye miba ya mgunga kwa mchezo huo huo). Tafuta mti wake. Anachimba mashimo marefu ya pembe nne, siyo ya duara, anawafuata sungusungu waliojenga ndani ya mbao, na mti mwembamba anaweza kuuchimba mpaka ukatike. Ukikuta vibanzi vipya vimemwagika chini hujakosea, rudi kesho asubuhi mapema, kaa mbali kidogo na darubini yoyote ile hata ya bei rahisi, tulia. Hahami huyo, yeye na mwenzake wanalinda eneo lao mwaka mzima, kwa hiyo subiri hata majira ya baridi majani yakishapukutika, utamwona kirahisi zaidi.

Na sikiliza vizuri. Ko, ko... ko, bila mpangilio, hapo anakula na huwa hana haraka, ndiyo saa ya kumsogelea taratibu. Ikiwa ni ngoma nzito inayomiminika kama sekunde tatu halafu inafifia, hiyo ni hati ya kiwanja, anawaambia wengine hapa pana mwenyewe. Dume lina wekundu mpaka kwenye paji na mstari mwekundu shavuni, jike mstari wake ni mweusi.

SWALI: Shikamoo Mjomba. Na sisi huku Arusha tunao wakubwa hivyo? – Mwanafunzi

JIBU: Marahaba mwanangu. Hivyo hapana, wetu mkubwa anafika kama sentimita 25 tu, ni yule mwenye uso mweupe na masharubu meusi, dume lina wekundu kisogoni. Tafuta kwenye migunga na miti mikavu, Tarangire na Serengeti wapo. Wengi wanamchanganya na yule mwenye madoa tumboni anayepiga kelele na mkewe kwa kupokezana, huyu wetu tumbo lake lina michirizi myembamba iliyokatisha. Ila mimi huwa namjua kwa sikio kabla ya jicho, anaanza kugonga haraka haraka halafu mwishoni anapunguza, trrrrr, ta, ta... ta, kama pikipiki iliyoishiwa mafuta.