Mafua ya ndege yanavyomzoea nguruwe
Umeuliza inakuwaje kirusi cha bata kimkamate nguruwe, iko hivi ndugu yangu, kirusi lazima kipate pa kujishika kwenye seli ndo kiingie, sasa njia ya hewa ya nguruwe ina vishikio vya aina mbili, vya kindege na vya kibinadamu. Ila kuingia tu haitoshi, kinatakiwa kizaliane humo, na kwa vile kinajinakili kwa makosa mengi, kosa moja moja linakipa nguvu kwa mwenyeji mpya, yaani mnyama kilichomwingia. Ubelgiji 1979 aina ya mafua iitwayo H1N1 ya bata mwitu ilifanya hivyo ikabaki kwa nguruwe wa Ulaya. Mi kinachonitisha zaidi ni mafua mawili kukutana ndani ya nguruwe mmoja yakabadilishana vipande vya jeni, vipo 8, yale mafua ya nguruwe yaliyoenea duniani 2009 yalikuwa na vya ndege, mtu na nguruwe!