Neema, kuhusu ile filamu

Mwanangu Neema,

Ile sauti uliyonitumia Jumamosi usiku nimeisikiliza mara tatu. Umeangalia Spotlight na wenzako hapo Dar, ile filamu ya waandishi wa gazeti la Boston Globe, kule Marekani, waliofichua mapadre walionyanyasa watoto kingono na wakuu wa Kanisa waliowaficha, ukaniuliza: "Mama, haya yote ulikuwa unayajua? Na kama ulikuwa unayajua, unawezaje kuamka kila Jumapili uende Misa ya kwanza?" Baba yako alinishauri nikupigie. Nimeona niandike, maana kwenye simu ningelia, na wewe ungeacha kuuliza.

Filamu hiyo na mimi niliiangalia, mwaka uleule wa 2016 iliposhinda Oscar. Parokiani walisema ni njama za maadui wa Kanisa. Si kweli. Hata L'Osservatore Romano, gazeti la Vatikani lenyewe, liliandika kwamba filamu ile haiupingi Ukatoliki. Na Novemba 2021 Papa Fransisko aliwashukuru waandishi wa habari kwa kuwapa sauti waliodhulumiwa. Kwa hiyo usiogope, hukufanya kosa kuitazama.

Habari ile ya Boston ilitoka gazetini tarehe 6 Januari 2002, Jumapili ya Tokeo la Bwana. Padre John Geoghan alilalamikiwa na watu zaidi ya 130 kwamba aliwanyanyasa wakiwa watoto, na miaka yote ile alikuwa akihamishwa tu, parokia hadi parokia. Kila alikopelekwa, kina mama wa huko walimkaribisha na hakuna aliyewaambia neno. Kardinali Bernard Law, askofu mkuu wa Boston, alijiuzulu Desemba mwaka huohuo, lakini 2004 akakabidhiwa Kanisa Kuu la Bikira Maria Mkuu kule Roma, kanisa hilohilo alimozikwa Papa Fransisko mwaka 2025. Jambo hilo la Law linaniuma mpaka leo.

Lakini kilichonishika zaidi ni neno hilo, kuhamishwa. Mwaka uliopokea Komunyo ya Kwanza, padre mmoja hapa kwetu alihamishwa ghafla. Sisi WAWATA, wanawake Wakatoliki wa parokia, tulimchangia mbuzi na doti mbili za kanga za mama yake, tukampigia vigelegele mpaka gari likatoka getini. Wiki mbili kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda kanisani jioni kupanga maua. Nikamkuta binti mmoja wa kwaya akitoka sakristia, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, analia bila sauti. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, "Hakuna kitu, mama." Nikaendelea kupanga maua. Hakuimba tena kwaya, na sikuuliza tena.

Mwanangu, kila Jumapili tunaungama kwamba tumekosa kwa mawazo, kwa maneno, kwa vitendo na kwa kutotimiza wajibu. Nikifika hapo kwenye wajibu, naona kile kiatu.

Zamani ningekujibu kwamba mimi namfuata Kristo, simfuati padre. Ni jibu la kweli, lakini nimelitumia sana kujifichia. Nakwenda Misa kwa sababu yule ninayempokea katika Ekaristi ndiye aliyesema kwamba amkoseshaye mmojawapo wa wadogo hawa, ingemfaa afungwe jiwe la kusagia shingoni na kutoswa baharini. Hakuna filamu iliyowahi kusema kwa ukali kuliko hivyo. Na nakwenda kwa sababu ya jumuiya yetu. Bibi yako alipofariki walilala hapa nyumbani siku tatu, wakachota maji, wakasali rozari mpaka sauti zikakauka. Hao nao ni Kanisa, siwezi kuwaacha mikononi mwa wanaoficha.

Mwaka 2019 Papa Fransisko aliamuru mapadre na watawa wote waripoti unyanyasaji kwa wakuu wa Kanisa. Ni vizuri, lakini kwangu haitoshi. Kwenye jumuiya nimesema wazi: mtoto akiguswa, tunakwenda dawati la jinsia na watoto polisi, au tunapiga 116, simu ya msaada kwa watoto, kisha ndipo tumweleze paroko. Wazee wawili walikasirika. Katekista aliniunga mkono, na sasa mafundisho yanafanyika mlango ukiwa wazi na mzazi mmoja akiwa ndani.

Yule binti sasa ni fundi cherehani pale sokoni, ana watoto wawili. Wiki iliyopita nilimpelekea kitenge. Akanipima mabega, kifua, urefu, akaandika kwenye daftari lake. Ndipo nikamwambia: "Siku ile ya maua nilikuona, nikanyamaza. Nisamehe." Alikunja kile kitenge mara nne, taratibu, akakiweka juu ya vingine. Akasema, "Gauni litakuwa tayari Alhamisi, Mama Neema."

Alhamisi ni kesho. Nitakwenda mapema, kabla wateja hawajajaa.

Mama yako