Ukichora roseti ya gitaa, anza na mistari myembamba

Mtu akipewa gitaa lililotengenezwa kwa mkono, jicho lake hukimbilia tundu la sauti kabla hajagusa hata waya mmoja. Mafundi wanalijua hilo, na ndiyo maana wanaoanza hutaka kuijaza roseti, yaani pete ya mapambo inayolizunguka tundu hilo, kila kilichopo karakanani: lulumizi (ganda la baharini linalong'aa), mbao za rangi nne, nyota, maua, herufi za jina. Mimi nasema hivi: roseti nzuri huamuliwa na mistari myembamba ya kingo zake na jinsi weusi unavyopakana na weupe. Hiyo ikikaa sawa, katikati unaweza kuweka karibu chochote. Isipokaa sawa, hata lulumizi ya bei kubwa haitaiokoa.

Angalia roseti ya gitaa la Martin D-28, la Marekani. Ni mafungu matatu ya mistari myeusi na myeupe: mitano, tisa, kisha mitano. Hakuna ua wala nyota, na bado ukiiona upande wa pili wa chumba unaitambua. Pete inaonekana kwa sababu ina mpaka. Mstari mweusi wa nusu milimita uliobanwa kati ya miwili myeupe unatosha kuukaza ukingo. Ukifika milimita moja, ukingo unaanza kuonekana mzito, kana kwamba mtu kauchora kwa kalamu nene.

Kwa hiyo chora kwa ukubwa halisi, kwa bikari, si kwa kukisia. Tundu la gitaa la nyuzi za chuma huwa na kipenyo cha takriban milimita 100, na la klasiki ni dogo kidogo, karibu 85. Kata mchoro wako, ubandike kwenye ubao wa juu wa gitaa, ule wenye tundu, kisha rudi nyuma hatua kadhaa. Vitu vingi vilivyokupendeza ukiwa umeinamia meza vitapotea. Mimi hupiga pia picha ya mchoro, au ya vipande vya mbao vyenyewe, na kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe kwenye simu. Mbao mbili zenye rangi tofauti kabisa, moja nyekundu na moja ya kahawia, mara nyingi hutoka na kijivu kilekile kwenye picha hiyo. Maana yake ni kwamba kwa mbali zitaonekana kama mbao moja.

Tena rangi za mbao hazidumu. Padauki, ile nyekundu ya kung'aa, hugeuka kahawia kadiri inavyopigwa na mwanga. Sprusi nayo, mbao laini ya ubao wa juu, nyeupe leo, inakuja kuwa ya asali. Mbao ya kahawia iliyoiva kama ya mti wa jozi hupauka badala ya kukolea. Ukitegemea tofauti ya rangi tupu, baada ya miaka kadhaa mteja atakuwa na roseti nyingine. Weusi wa mpingo na weupe wa mepo, mbao ngumu nyeupe, vitabaki vinapingana hata vyote viwili vikibadilika kidogo. Kabla ya kuamua, pangusa vipande vyako kwa kitambaa chenye spiriti: kwa sekunde chache utaona rangi vitakayokuwa nayo chini ya vanishi.

Sasa hesabu, ambayo wengi huiruka. Tuseme roseti yako ina upana wa milimita 10, inaanzia milimita 55 kutoka kitovu cha tundu na kuishia 65. Mzingo wa ndani ni kama milimita 346, wa nje 408. Tofauti hiyo ya zaidi ya milimita 60 lazima iende mahali. Vipande vyako vya mozaiki vikiwa na pembe za mraba, vitagusana ndani na kuachana nje, na utaishia kuziba mapengo kwa vumbi na gundi. Kwa hiyo ama uvichonge viwe vyembamba kuelekea ndani, ama upunguze upana wa pete. Pete ya milimita 4 au 5 husamehe mengi. Kama ni fundi mpya, anzia hapo.

Kuna jambo moja linalokusaidia: mwisho wa ubao wa vidole, ule wa shingoni unaobonyezewa nyuzi, hufunika sehemu ya pete. Kwenye mfano wetu, ubao wa upana wa milimita 55 unaficha karibu milimita 57 za mzingo wa katikati. Kwa hiyo usihangaike kutafuta kipande ambacho kitaugawa mzingo wote bila baki. Weka kipande cha kwanza upande wa daraja (kipande kinachoshikilia nyuzi chini ya tundu), katikati yake ikae juu ya kiungo cha nusu mbili za ubao wa juu, kisha panga kulia na kushoto kwa pamoja ukipanda kuelekea shingoni. Kasoro ya mwisho itazikwa chini ya ubao wa vidole, na upande unaoonekana utakuwa linganifu. Ukianza kupangia pembeni, jicho la mtazamaji litagundua hata kama mwenyewe hawezi kueleza kinachomkera.

Kwenye kukata, utaratibu ni muhimu kuliko kifaa. Mfereji wa roseti ukatwe kabla ya tundu lenyewe, kwa sababu ruta, mashine ya kuchimba mifereji, inazunguka kwenye pini iliyoko kitovuni. Ukishatoa tundu, kitovu kimekwenda nalo. Chanja kwanza kingo za mfereji kwa kisu cha kuzunguka, hasa pale ambapo mkato unapishana na nyuzi za mbao, maana sprusi hupasuka kwa urahisi. Ubao ukiwa na unene wa milimita 3, mfereji wa milimita 1.5 unatosha. Vipande viache vichomoze kidogo juu ya uso, halafu visawazishe kwa chuma cha kukwangulia. Msasa unakula sprusi laini haraka kuliko mpingo, na utajikuta na bonde kuzunguka pete. Baada ya hapo, kama ubao unahitaji kupunguzwa zaidi, punguza kutokea ndani; ukipunguza usoni unaila roseti yenyewe.

Roseti isiingie kwa kulazimishwa. Gundi nyeupe ina maji, na mbao hufura ikilowa, kwa hiyo pete iliyoingia kwa kugongwa ikiwa kavu itagoma katikati ya kazi, gundi ikiwa imeshapakwa. Iingie kwa kidole. Mistari ya vinia (tabaka jembamba la mbao) ya nusu milimita hujipinda yenyewe kwenye duara hili. Iliyo minene ipashe kwenye bomba la moto kwanza.

Kinachoharibu roseti nyingi, kwa maoni yangu, ni rangi kuvuja. Vumbi la padauki au la mpingo likipata spiriti au vanishi hukimbia kwenye vinyweleo vya sprusi, na doa lile halitoki. Vinia zilizotiwa rangi kiwandani ni mbaya zaidi. Loanisha kitambaa cheupe kwa spiriti na usugue kipande chako: kitambaa kikitoka na rangi, kipande hicho kikae mbali na sprusi. Mimi hupaka shelaki nyepesi, aina ya vanishi, kwenye ubao kuzunguka mfereji, na ndani ya kuta zake, kabla ya kubandika chochote. Shelaki hiyohiyo huzuia supagluu isinywewe na sprusi na kuacha alama ya unyevu ambayo haikauki machoni. Kwangua, puliza vumbi, kwangua tena. Usipanguse vumbi la mbao nyeusi kwa kitambaa kilicholowa hata siku moja.

Lulumizi na ganda la abaloni, aina ya konokono wa baharini, vina mahali pake, na mimi huvitumia, ila kama mstari mwembamba kati ya mistari mingine, si kama bango. Mstari wa milimita 1.5 uliozingirwa na weusi pande zote mbili hung'aa kuliko pete pana ya ganda tupu, kwa sababu jicho lina kitu cha kulilinganisha nacho. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu: vaa barakoa ya vumbi inayoziba vizuri, na ukikata kwa msumeno mdogo, lowanisha ganda kwa maji ili vumbi lisiruke.