Papa wa Kawaguchi na kibali cha kuvuka mto

Wiki hii mmeuliza kama nchi tajiri, mfano Japani, zinapaswa kupokea wakimbizi zaidi. Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, mkoani Kigoma, Tanzania, na nimeishi Japani miaka kadhaa nikisomea kilimo cha umwagiliaji, kwa hiyo swali lenu limenigusa panapouma. Naanza na ndiyo. Zipokee, na Japani iwe ya kwanza.

Sababu yangu ni hesabu. Mwaka 2017 watu 19,629 waliomba hifadhi Japani, na waliotambuliwa kuwa wakimbizi ni 20. Ishirini, katika nchi ya watu zaidi ya milioni 120. Mwaka 2019 walitambuliwa 44. Mwaka 2023 walifika 303, idadi kubwa kuliko zote tangu waanze, na mwaka uliofuata wakashuka hadi 190. Wenzangu wa Ngara, mpakani na Rwanda, wanakumbuka mwishoni mwa Aprili 1994, Wanyarwanda wanaokadiriwa kufika robo milioni walipovuka daraja la Rusumo ndani ya siku moja hivi. Hakuna aliyeuliza kwanza Ngara ina uwezo gani. Miti ilikatwa, maji yakawa ya kugombania, na wenyeji wakaendelea kuishi na wageni wao.

Wala msiniambie Japani haina uzoefu. Baada ya vita vya Vietnam ilipokea zaidi ya watu 11,000 kutoka Vietnam, Laos na Kambodia, na mwaka 1981 ikajiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Urusi ilipoivamia Ukraine mwaka 2022, mlango ulifunguliwa upesi, wakaingia zaidi ya Waukraine 2,000, wakatafutiwa nyumba na kuruhusiwa kufanya kazi. Na mkuu wa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kuanzia 1991 hadi 2000, miaka ileile mkoa wetu ulipojaa mahema, alikuwa Mjapani, mama Sadako Ogata. Nyarugusu, kambi ya wakimbizi ya kwetu Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 yeye akiwa kwenye kiti hicho. Nchi iliyomtoa mtu wa namna hiyo haiwezi kusema mambo ya wakimbizi haiyajui.

Hayo ndiyo niliyokusudia kuandika, na ningeweza kuishia hapo. Ila kila nikiwaza wakimbizi na Japani kwa pamoja, anayenijia ni mzee mmoja wa Uvira, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, na shida ya mzee huyo haikuwa idadi.

Nilimfahamu Kawaguchi, mji wa mkoa wa Saitama unaotenganishwa na Tokyo na mto Arakawa. Wakongo wa pale walimwita Papa, nami nikamwita hivyo. Alikuwa fundi wa boti. Waliozoea mwalo wa Kibirizi, pale Kigoma, wameziona boti za Uvira na Baraka zikipakua mizigo. Kazi yake ilikuwa ile. Alikuja Japani kwa viza ya muda mfupi kutafuta mashine za boti zilizotumika. Akiwa Yokohama mkewe akampigia simu kwamba watu wenye silaha wamefika nyumbani wanamtafuta, wanadai amewatengenezea boti maadui wao. Hakurudi. Akaomba hifadhi.

Japani humtaka mwombaji aonyeshe kwamba yeye mwenyewe, kwa jina lake, ndiye anayetafutwa. Kusema kwetu kuna vita hakutoshi. Papa aliulizwa ilipo barua ya vitisho. Wenye bunduki wa Kivu ya Kusini hawaandiki barua, na hilo alilieleza kadiri alivyoweza, lakini ombi likakataliwa. Akakata rufaa, viza ikaisha, akawekwa kizuizini, kisha akatolewa kwa kibali cha muda kinachoitwa karihomen. Nilipomkuta alikuwa ameishi na kibali hicho kwa miaka.

Mwenye karihomen haruhusiwi kufanya kazi. Hana bima ya afya ya taifa. Hatoki nje ya mkoa anaoishi bila ruhusa ya maandishi. Mimi mwanafunzi niliruhusiwa kibarua cha saa 28 kwa wiki, nikawa naosha vyombo kwenye mgahawa wa tambi, na njiani nilipita mbele ya karakana zilizobandika matangazo ya kutafuta mafundi, maana Kawaguchi ni mji uliopata jina lake kwa kuyeyusha na kusubu chuma. Papa, aliyechomelea chuma tangu ujana wake, alishinda ndani akila chakula cha kuletewa na watu wa kanisani. Wahenga walitaka mgeni apewe jembe siku ya tatu. Yeye alilinyimwa mwaka baada ya mwaka, na akilishika kwa siri anarudishwa ndani.

Mwanzoni mwa Mei Wajapani wana sikukuu zinazofuatana, na ofisi za serikali hufungwa. Ilikuwa siku hizo. Mama mmoja Mkongo alinipigia simu alfajiri, akasema Papa anaumwa ubavu na anatapika. Nilipofika alikuwa amejikunja juu ya mkeka, jasho linamtiririka, na bado akaniomba radhi kwamba nimemkuta hajavaa shati. Tukamchukua kwa teksi hadi hospitali moja ya karibu. Mapokezi walikuwa na adabu kubwa. Waliomba kadi ya bima, tukasema hana. Wakatueleza, kwa upole na kwa kuinama, kwamba asiye na bima hulipa gharama yote mara mbili, na kwamba inabidi tuweke kwanza kiasi fulani cha pesa. Kiasi walichotaja kilizidi pesa zetu sote tuliosimama pale. Papa akasema turudi nyumbani.

Mke wa mchungaji, Mjapani, akapiga simu huku na huku mpaka akampata daktari mmoja aliyekubali kumwona bure. Daktari yuko Akabane, upande wa Tokyo. Kutoka Kawaguchi hadi Akabane ni kituo kimoja cha treni. Unavuka daraja la Arakawa na umeshafika. Nikafurahi, nikaanza kumtafutia Papa viatu.

Papa akasema haendi.

Nikamwambia, Papa, ni kituo kimoja tu. Akanijibu, "Binti yangu, hicho kituo kimoja ni mkoa mwingine." Ruhusa ya kutoka Saitama huombwa ofisini, na ofisi ilikuwa imefungwa mpaka sikukuu ziishe. Nikasema hakuna askari anayekagua watu kwenye treni. Akasema yeye ameshasimamishwa kituoni kwa rangi yake tu. "Wewe ukisimamishwa utatoa kadi yako ya mwanafunzi. Mimi nitatoa karatasi iliyoandikwa Saitama. Nimeshalala kule ndani. Sirudi kule kwa ajili ya ubavu." Mke wa mchungaji akasema atampeleka kwa gari lake mwenyewe, afunikwe shuka kiti cha nyuma. Papa akatikisa kichwa. Yule mama Mkongo akaanza kulia, akamwambia atakufa na kuuacha mzigo kwa watu. Mimi nikapandisha sauti, jambo ambalo binti wa Kiha halifanyi mbele ya mzee. Nilimuuliza hii ni nchi gani ambayo mgonjwa anaogopa kuvuka daraja.

Ndipo, akiwa ameushika ubavu kwa mikono miwili, akaniuliza: "Dada yangu yuko Nyarugusu tangu 1996. Akiumwa usiku, kwenu anaruhusiwa kupanda gari mwenyewe aende hospitali ya Maweni?"

Mnaotoka kwetu mnalijua jibu. Mkimbizi haruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini bila kibali. Akizidiwa, zahanati ya kambi humwandikia rufaa, akasubiri gari la wagonjwa limpeleke hospitali ya Kabanga au Maweni. Akijiondokea mwenyewe akakutwa barabarani hana karatasi, hilo ni kosa. Nimekulia pembeni ya utaratibu huo. Hakuna hata mtu mmoja wa kwetu niliyewahi kumsikia akiuliza hii ni nchi gani.

Nikakaa chini. Tulichemsha maji, tukawa tunamkanda. Ili asahau maumivu alizungumza habari za dada yake, alivyovuka ziwa na mtoto mgongoni, wakashukia Kigoma, wakapandishwa malori hadi kambini. Alikuwa akiuza mboga kwenye soko la pamoja, lile la wakimbizi na wanakijiji wa Makere, kabla halijafungwa. Mama yangu aliuza mawese pale. Tulijaribu kukisia kama waliwahi kukaa jirani, Papa akitaja umbo la dada yake na mimi nikitaja kilemba cha mama, na kuna wakati alicheka kabisa, kisha maumivu yakamrudia.

Alasiri mlango ukagongwa. Daktari alikuwa amevuka mto mwenyewe. Mzee wa mvi, mkoba begani, amepanda treni ya kituo kimoja siku yake ya mapumziko. Alivua viatu, akapiga magoti kando ya Papa, akambonyeza ubavu na mgongo, akampa dawa ya maumivu, akasema ni jiwe la figo. Anywe maji kwa wingi, na homa ikimpanda apigiwe simu saa yoyote. Hakuchukua hata yeni moja. Jiwe lilitoka siku zilizofuata.

Nisipoyasema hayo siwezi kulijibu swali lenu. Papa alikuwa ameshaingia Japani. Kwa yeyote anayehesabu vichwa, alikuwa ndani. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuishi kama mtu mzima mwenye mikono. Na haki itendeke, wale wachache wanaotambuliwa hutunzwa vizuri: hupata ukaazi, kazi, bima, na miezi kadhaa ya masomo ya Kijapani yanayolipiwa na serikali. Mwaka 2010 Japani ilikuwa nchi ya kwanza ya Asia kuchukua wakimbizi moja kwa moja kutoka kambini, Wakaren wa Myanmar waliokuwa Mae La nchini Thailand. Familia chache, lakini zilizopokelewa kwa maandalizi. Huku majirani wa Papa, Wakurdi kutoka Uturuki, wakiwa Kawaguchi tangu miaka ya 1990, wana watoto waliozaliwa palepale. Mkurdi wa kwanza wa Uturuki kutambuliwa ni wa mwaka 2022, tena baada ya hukumu ya mahakama ya Sapporo.

Serikali yao nayo ina hoja, na si hoja ya kupuuza. Mwaka 2010 walianza kuwaruhusu waombaji wenye viza halali kufanya kazi baada ya miezi sita. Mwaka ule maombi yalikuwa 1,202. Kufikia 2017 yakawa yale 19,629 niliyoyataja. Walipokaza masharti mwaka 2018 yakashuka karibu nusu. Nimekutana na vijana walioniambia wazi kwamba waliomba hifadhi ili wapate kazi tu. Lakini tangu 2019 Japani imefungua viza mpya za wafanyakazi wenye ujuzi kwa sababu wazee wamekuwa wengi na vijana wachache. Anayetaka kazi akipewa mlango wake, mlango wa hifadhi utapungua msongamano, na Papa atasikilizwa kwa miezi badala ya miaka. Badala yake, sheria waliyoipitisha 2023, iliyoanza kutumika Juni 2024, inaruhusu mtu arudishwe kwao hata ombi lake la tatu likiwa bado mezani. Papa yuko Kawaguchi mpaka leo, na sheria hiyo inamnyima usingizi.

Nasi kwetu? Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, ile ya UNHCR kwa waliowatumikia wakimbizi, mwaka 1983, na aliistahili. Warundi waliokimbilia kwetu mwaka 1972 walipelekwa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakapewa ardhi, wakalima, wakauza, na baadaye wapatao 162,000 wakapewa uraia wa Tanzania. Vyeti walianza kukabidhiwa 2014. Hakuna nchi tajiri iliyofanya jambo la ukubwa huo kwa mkupuo mmoja. Kisha ni sisi haohao wenye Nyarugusu na kilomita zake 4. Siwezi tena kuisimanga Japani kwa kutaja Rusumo peke yake, kama nilivyofanya pale juu.

Kwa hiyo mkinibana nichague, kati ya Japani inayopokea watu 300 wenye haki ya kufanya kazi, na Japani inayopokea 30,000 wa karihomen, nachagua 300. Najua nilianza na ndiyo kubwa. Najua pia kwamba serikali yoyote isiyotaka watu itayachukua maneno yangu na kuyafanya kisingizio, kwa hiyo naweka sharti: walioko ndani tayari wapewe karatasi kwanza, Papa na watoto wa Wakurdi, halafu idadi ipande kila mwaka. Nasema hayo kwa Japani, na kwa Kasulu pia, ingawa Kasulu haina pesa za Japani na mzigo wake hauwezi kupimwa kwa mizani ileile.

Kuna kitu kimoja kinachonitatiza. Dada yake Papa alikuwa kwenye orodha ya kupelekwa Marekani, na Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango huo. Ana karibu miaka 30 kambini. Kwake yeye, nafasi moja zaidi Tokyo au popote ni jambo kubwa kuliko hoja zangu zote za haki ya kufanya kazi, na nikimwambia asubiri mpaka Japani itengeneze sheria zake nitakuwa namwambia azeekee Nyarugusu.

Basi niandikeni hivi: hapana kwa kuongeza idadi, mpaka Papa aruhusiwe kuchomelea chuma Kawaguchi. Isipokuwa dada yake. Yeye wamchukue hata kesho.