Je, saiba yangu inahitaji seva yake ya kache?

SWALI: Ninaendesha saiba yenye kompyuta 12 hapa Likoni. Video za YouTube hucheza bila kukatika, lakini tovuti ya chuo kimoja cha Uingereza, ambayo ina maandishi tu, hujivuta mpaka wateja wananung'unika. Fundi ananishauri ninunue seva ya kache niiweke dukani, ili kila kinachofunguliwa mara kwa mara kihifadhiwe humo. Je, nimsikilize?

JIBU: Ndugu msomaji, ushauri huo ungekufaa sana miaka 15 iliyopita, wakati kurasa nyingi zilisafiri wazi na seva ya dukani iliweza kuzisoma, kuzihifadhi na kumpa mteja wa pili bila kuzifuata tena ng'ambo. Leo karibu kila tovuti husafiri kwa HTTPS, yaani mazungumzo ya kivinjari na tovuti yamefungwa kwa siri ambayo mtu wa kati hawezi kuifungua. Seva yako ingepitisha bahasha zilizofungwa tu, na kisichosomeka hakiwezi kuhifadhiwa kwa manufaa ya mwingine.

Kazi hiyo sasa hufanywa na wenye maudhui wenyewe. Google na Netflix huwapa watoa huduma za intaneti wenye wateja wengi seva zao, zikae ndani ya mitandao ya watoa huduma hao. Netflix hujaza seva zake mapema, saa ambazo watu wamelala, kwa filamu inazotarajia zitaangaliwa zaidi kesho yake. Njia nyingine, ambayo imeenea zaidi, ni kusubiri mtu wa kwanza aombe kitu, kukifuata mbali mara moja, kisha kubaki na nakala kwa ajili ya wanaofuata. Ndiyo maana wimbo unaovuma mjini hufunguka papo hapo, ilhali video ya zamani isiyo na watazamaji huweza kusitasita mwanzoni.

Tovuti ya chuo huenda haina nakala yoyote karibu nasi. Watu wengi hudhani kwamba kwa kuwa kebo za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka 2009, na nyingine zikafuata, basi ng'ambo imesogea. La hasha, kebo hupanua njia, lakini umbali uko pale pale. Mwanga ndani ya kebo huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ikiwa na urefu wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwa kawaida kivinjari huhitaji safari tatu kabla ya kupokea herufi ya kwanza: kufungua muunganisho, kukubaliana juu ya siri, kisha kuomba ukurasa. Ukurasa ukiita mafaili mengine yanayoitana kwa zamu, mteja wako ataanza kugongagonga kibodi. Kutoka hapa hadi Nairobi, kinyume chake, ni milisekunde tano hivi, yaani sehemu tano za elfu za sekunde, kwenda na kurudi, kwa hiyo usihuzunike ukisikia kwamba nakala ziko Nairobi badala ya Mombasa.

Kuna mambo mawili yasiyohitaji ununue chochote. Kwanza, angalia DNS iliyowekwa kwenye ruta yako, yaani huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva yake. Baadhi ya mafundi huweka ya mbali ili kuzuia tovuti chafu, na huduma nyingi humchagulia mtu seva kwa kutazama DNS yake iko wapi, hivyo unaweza kuwa Likoni ukapelekwa Ulaya. VPN nayo, yaani programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mahali pengine, huleta balaa hiyo hiyo. Pili, katika Windows 10 na 11 kuna mpangilio unaoruhusu kompyuta kupeana masasisho. Uwashe kwa mtandao wa ndani pekee, ili sehemu kubwa ya sasisho ipakuliwe mara moja badala ya mara 12.

Kabla ya kumlipa fundi, fungua fast.com, ambayo hupima kasi kwa kutumia seva za Netflix, kisha ubonyeze sehemu ya maelezo zaidi usome jina la mji ulioandikwa kwenye mstari wa seva. Ukiona Mombasa au Nairobi, mtandao wako uko sawa, na tovuti ya chuo itabidi kuivumilia. Ukiona London ilhali DNS umeirekebisha na VPN umeizima, mpigie mtoa huduma wako umuulize kwa nini.